Matuta ya Usa River

Kazi yangu ni kusambaza pembejeo za kilimo. Napakia mbegu, dawa za mifugo na mabomba ya kupulizia kwenye kirikuu mjini Moshi, kisha naelekea Arusha nikishusha mizigo kwenye maduka ya Boma Ng'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru. Ni barabara ya takriban kilomita 80, yenye matuta mengi, wanafunzi wanaovuka makundi kwa makundi, bodaboda zinazochomoka pembeni bila taarifa, na ng'ombe ambao hawana haraka na mtu. Dereva yeyote mwenye akili timamu huwa na tahadhari katika barabara hiyo, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba yaliyokuwa yakinipata ni tahadhari hiyo hiyo, ila mimi nimejaliwa zaidi ya wenzangu.

Mambo yalikuwa hivi. Gari likivuka tuta, tairi la nyuma linatua kwa kishindo, na papo hapo wazo linaingia kwamba huyo alikuwa mtu. Natazama kioo, barabara ni tupu. Wazo linajibu kwamba aliyegongwa hurushwa mtaroni, kwa hiyo kioo hakiwezi kumwonyesha. Naendelea mwendo mfupi, viganja vikilowa jasho kwenye usukani, kisha nageuza gari na kurudi. Nashuka, nakagua mtaro wa kushoto na wa kulia, nainama kumulika tairi kwa tochi ya simu nikitafuta damu au kipande cha nguo, halafu nawauliza vijana wa kijiwe cha bodaboda, kwa sauti ya mzaha, kama kuna tukio lolote limetokea hapo. Hakuna. Napanda gari nikiwa mwepesi kabisa, na kabla sijafika Tengeru linazaliwa swali jingine: je, wakati unageuza gari pale, una hakika hukumgonga mwingine?

Usiku safari haikuisha. Nilikuwa nikilala chali nikiirudia barabara yote kichwani, kituo hadi kituo, nikijaribu kukumbuka kila mtembea kwa miguu niliyempita na kuhakikisha kwamba nilimwona pia baada ya kumpita. Nikikosa kumbukumbu ya mmoja tu, naanza upya kutoka Moshi. Asubuhi nafungua redio kusikiliza kama kuna taarifa ya ajali, na ikitajwa ajali yoyote ya Kilimanjaro au Arusha, hata kama ni ya basi na lori, moyo unasimama.

Ugonjwa huu, ambao hata kwenye kliniki zetu huitwa kwa herufi zake tatu za Kiingereza, OCD (obsessive-compulsive disorder), una pande mbili zinazolishana. Upande wa kwanza ni mawazo, picha au misukumo inayoingia akilini bila kualikwa na kumjaza mtu hofu, kinyaa au hatia. Upande wa pili ni yale anayoyafanya ili kuituliza hofu hiyo, na haya yanaweza kuwa ya wazi, kama kurudi kukagua mtaro, au ya moyoni, kama kule kurudia safari kitandani, ambako hata mke aliyelala pembeni hawezi kukuona ukikufanya. Wengi wanaufahamu kwa sura ya kunawa mikono peke yake, na siku hizi si ajabu kumsikia mtu akijisifu kwamba ana OCD kwa sababu anapenda nyumba safi. Stoo yangu ni fujo tupu, na hakuna aliyewahi kunituhumu kwa usafi. Makadirio ya kawaida ya wataalamu ni kwamba mtu 1 hadi 3 kati ya 100 huupata wakati fulani katika maisha yake, maana yake ni kwamba katika Misa moja ya Jumapili iliyojaa watu tupo zaidi ya wachache.

Barabara peke yake ningeweza kuivumilia. Kilichonivunja ni kisu.

Kwetu ni Kibosho, na kila anayewajua Wachaga anajua Desemba ni nini kwetu. Waliotawanyika kila kona hupanda mlimani, magari hujaa kwenye vihamba, mbege inapikwa, na mbuzi wanachinjwa. Mimi ni mtoto wa kiume wa kwanza, na tangu baba alipofariki kushika kisu ni jukumu langu. Mwaka huo mbuzi alikuwa ameshalazwa juu ya majani ya migomba, baba mdogo amemkandamiza miguu, na mpwa wangu, mtoto ambaye hata shule ya awali alikuwa hajaanza, amesimama karibu yangu akiishika kamba kwa fahari kana kwamba bila yeye mbuzi angetoroka. Nilipoinua kisu ikanijia picha, kamili na yenye rangi zake zote, ya kisu hicho kikiingia kwenye shingo ya mtoto badala ya ya mbuzi.

Sikuwa na hasira na mtoto yule. Nampenda. Mkono wangu haukusogea hata kidogo kumwelekea, lakini nilihisi kana kwamba kazi imeshafanyika. Baba mdogo akasema, "Mangi, maliza, jua linakwenda." Nikakiweka kisu juu ya jani, nikasema tumbo limenikata, nikaenda kujifungia ndani ya gari hadi nilipowasikia wameanza kuchuna. Ukoo ukahitimisha kwamba mjini kumenifanya niwe na dharau, na niliwaacha waamini hivyo kwa kuwa dharau ilikuwa na nafuu kuliko ukweli niliokuwa nikiuogopa.

Tangu siku hiyo visu vya nyumbani vikahamia kabati la juu. Nilikataa kubaki peke yangu na mwanangu mdogo, nikitafuta safari ambazo hazikuwapo. Mwili ulinidai pia, maana nilikuwa silali, na nikapimwa malaria, presha na vidonda vya tumbo katika zahanati zaidi ya moja bila kumwambia yeyote kilichokuwa kikinila. Ningesemaje? Hapa kwetu ukitaja akili, watu wanataja Mirembe. Ile ni hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, mahali pa kutibiwa kama hospitali nyingine yoyote, lakini mitaani jina lake limegeuzwa kuwa tusi. Tena niliamini kwamba nikitamka tu maneno "naona picha za kumchoma mtoto", yeyote atakayesikia ana wajibu wa kuita polisi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba picha za namna hiyo si mali ya wagonjwa peke yao. Mwaka 1978 watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi London, Stanley Rachman na Padmal de Silva, waliwauliza watu wasio na ugonjwa wowote kama huwa wanaingiliwa na mawazo ya kudhuru, ya matusi au ya aibu wasiyoyataka, na takriban asilimia 80 walikubali kwamba huwapata. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mwingine uliohusisha wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, Sierra Leone ikiwamo, na karibu asilimia 94 walisema wamepata angalau wazo moja la aina hiyo katika miezi mitatu iliyotangulia. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba baba mdogo, akiwa amekandamiza miguu ya mbuzi, naye aliwahi kupitiwa na picha kama yangu. Tofauti ni kwamba yeye angejisemea "mawazo gani haya", akaendelea na kazi. Mimi niliisimamisha picha, nikaihoji imetoka wapi, nikaichukua kama ushahidi wa kile nilicho, kisha nikaanza kuishi maisha ya kumlinda mtoto dhidi ya mimi mwenyewe. Ugonjwa haupo katika wazo lenyewe, upo katika uzito tunaolipa na katika mbio tunazozikimbia baada yake.

Kabla ya hospitali nilikimbilia kitubio. Nilikuwa nimesikia mahubiri ya kwamba anayewaza dhambi ameshaitenda moyoni, nami nikayachukua kama yalivyo, bila kutenganisha wazo ambalo mtu amelikaribisha na lile lililomvamia. Niliungama picha ya kisu. Wiki iliyofuata niliiungama tena kwa sababu nilihisi sikuieleza vizuri, kisha tena kwa sababu labda mara ya pili niliipunguza makali. Nyumbani nilisali Salamu Maria nikihesabu, na neno moja likinitoka vibaya au picha ikipita katikati ya sala, naanza upya. Padri alinivumilia, halafu siku moja akaniambia kwa upole ulio na ukali ndani yake, "Mwanangu, hili umeshaliungama. Ukija nalo tena sitalisikiliza. Lako hili linahitaji daktari, na kwenda kwa daktari si kukosa imani."

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Yesu, ambaye mwaka 1522 akiwa Manresa, Hispania, aliteswa na mashaka ya aina hii hata akatamani kufa. Aliungama dhambi za zamani, akaungama tena, na hakutulia. Muungamishi wake akamwagiza asirudie kuungama jambo lolote la zamani isipokuwa lile lililo wazi kabisa. Tatizo ni kwamba kwake yeye yote yalionekana kuwa wazi kabisa, kwa hiyo agizo halikumsaidia. Niliposikia hivyo nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwa sababu ndivyo hasa ugonjwa huu unavyofanya kazi: ukiupa sheria yenye upenyo mdogo, unaingia kwenye upenyo huo huo.

Katika kliniki ya afya ya akili nilipokewa na daktari mwanamke, kijana kuliko nilivyotarajia. Niliyasema yote nikiangalia sakafu. Hakuita mtu, wala hakusogeza kiti chake nyuma. Aliniuliza kama mawazo hayo nayaona ni yangu mwenyewe au ni sauti ninayoisikia kutoka nje, kama nayafurahia, nafanya nini yanapokuja, na yote hayo hunichukua saa ngapi kwa siku. Kisha akasema, "Kaka, mtu anayepanga kumdhuru mtoto hafichi visu." Alieleza kwamba ugonjwa huu huchagua kile ambacho mtu anakithamini kuliko vyote. Mcha Mungu huletewa matusi akiwa anasali, mama aliyetoka kujifungua huletewa picha za kumdondosha mwanawe, na dereva mwangalifu huletewa maiti mtaroni. Habari ya akina mama waliojifungua ilinigusa, nikiwaza ni wangapi wanaokaa ndani kipindi cha uzazi wakinyweshwa mtori huku wamefunga kinywa kwa hofu ile ile ya kwangu.

Mke wangu aliitwa siku ya miadi iliyofuata, na hapo lilifunuliwa jambo ambalo wote wawili hatukulitegemea. Kwa muda wote huo yeye ndiye aliyekuwa dawa yangu. Nikirudi jioni nilimweleza safari, tuta baada ya tuta, kisha namuuliza, "Unafikiri nimemgonga mtu?" naye anajibu, "Hapana baba, hujamgonga mtu." Nikimpigia simu mchana anajibu hivyo hivyo. Alinijibu kwa upendo na kwa uvumilivu ambao mimi nisingeuweza. Mtaalamu wa saikolojia akatueleza kwamba kila jibu lile lilikuwa ni mkopo wa kausha damu: unakutoa kwenye shida ya leo, na kesho deni linakuja limenenepa. Hofu ilishuka kwa dakika chache, na akili ikajifunza kwamba imeshuka kwa sababu ya jibu, hivyo kesho yake ikadai jibu jingine, mapema zaidi na lenye uhakika zaidi.

Tulikubaliana kwamba nikiuliza atasema, "Hilo sitalijibu, baba," kisha tuendelee na mazungumzo mengine. Kusema kweli jioni za mwanzo zilikuwa chungu. Niliuliza kwa hila, nikipitia habari za barabara na hali ya trafiki, au nikimtazama usoni tu nione kama amekunja uso. Alizigundua hila zote. Mama yangu, aliyekuwa akitutembelea, aliona mkwe wake amekuwa na roho ngumu, na ilibidi nimketishe bibi huyo nimweleze kwamba anayeninyima jibu ndiye anayenitibu. Hakushawishika sana. Alisema zamani watu walikuwa wakijibiana.

Tiba yenyewe ina mantiki rahisi na utekelezaji mgumu. Ilianza kujulikana mwaka 1966 pale Victor Meyer, mwanasaikolojia aliyekuwa katika hospitali moja ya London, alipoeleza jinsi alivyowasaidia wagonjwa kwa kuwakutanisha na kile walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya yale waliyozoea kuyafanya ili kujituliza. Mtu husogea hatua kwa hatua, akianza na hofu ndogo. Kwangu hatua ya kwanza ilikuwa kuendesha hadi Maili Sita na kurudi bila kugeuza gari njiani. Baadaye Boma Ng'ombe, kisha Kikatiti, na mwisho Usa River wakati shule zinatoka. Kioo niliruhusiwa kukitazama kama dereva yeyote anavyokitazama, kwa usalama wa mbele na nyuma, bila kukitafutia maiti. Mwanzoni niliogopa kwamba sitaijua tofauti kati ya mtazamo huu na ule, lakini mwili unaijua, kwa sababu mtazamo wa ugonjwa una pupa na hautosheki.

Nilipolivuka tuta na wazo likaja, sikutakiwa kulifukuza. Kulifukuza nilishakujaribu sana, na jaribio maarufu la Daniel Wegner na wenzake la mwaka 1987 huko Marekani lilishaonyesha kinachotokea: watu walioambiwa kwa dakika 5 wasimwaze dubu mweupe hawakuweza kumwepuka, na walipokuja kuruhusiwa kumwaza, walimwaza zaidi ya wale ambao hawakukatazwa. Nilitakiwa kusema moyoni, "Huenda nimemgonga mtu, huenda sijamgonga, naendelea na safari." Kwa asiye na ugonjwa huu sentensi hiyo haina uzito. Mimi niliitamka mara ya kwanza pale Maji ya Chai nikitetemeka magoti, nikiamini kwamba ndiyo sentensi ambayo mwendesha mashtaka angeisoma mahakamani. Hofu ilipanda, ikakaa juu muda mrefu, na nilipokuwa nashusha maboksi Tengeru nikijadiliana na mteja kuhusu deni lake la msimu uliopita, nikagundua imeshuka bila mimi kuishusha. Siku nyingine haikushuka hadi usiku, na mtaalamu akaniambia kwamba hizo nazo ni siku za tiba.

Kwa upande wa kisu tulifuata njia hiyo hiyo. Visu vilirudi jikoni. Nilianza kwa kukaa mezani na kisu mbele yangu, mtoto akiwa chumba cha pili, na baada ya wiki nyingi nilimenya ndizi za machalari huku mwanangu amekaa kwenye kigoda karibu na goti langu, akinieleza habari ndefu ya mbwa wa jirani. Picha ilikuja mara nyingi tu katika ndizi zile. Niliendelea kumenya, na zilikatwa vibaya mno.

Dawa nilipewa pia, fluoksetini, nikianza na miligramu 20 na kupandishwa taratibu chini ya uangalizi. Daktari alinionya mapema kwamba katika OCD mara nyingi kipimo huhitaji kuwa kikubwa kuliko kinachotumika kwa sonona, kwamba nafuu inaweza kuchukua wiki 8 hadi 12 kuonekana, na kwamba nisiache ghafla kwa kujiona nimepona. Nilipata kichefuchefu mwanzoni na usingizi wa mang'amung'amu. Dawa haikuyafuta mawazo, ila iliyapunguza sauti kiasi kwamba kazi ya barabarani niliweza kuifanya. Ndugu zangu wa maombi walitaka nichague kati ya vidonge na sala. Nimebaki na vyote viwili, isipokuwa Salamu Maria sasa naisali mara moja, na neno likinitoka vibaya naliacha lilivyo.

Ugonjwa haujaondoka, na umeonyesha kwamba unajua kuhama nyumba. Tuta lilipopoteza nguvu, wazo likahamia kwenye mtungi wa gesi, kisha kwenye dawa za mifugo: je, una hakika hukumpa mteja chupa ya sumu ya kupe badala ya dawa ya minyoo? Hili la mwisho lina ujanja wake, kwa kuwa kazi yangu inadai umakini wa kweli. Nimejiwekea utaratibu ule ule walio nao wenye maduka wengine, wa kusoma lebo mara moja wakati wa kukabidhi na mteja naye kuisoma, kisha ankara inasainiwa. Wazo likija baada ya sahihi, simpigii mteja simu. Juzi nilikaribia kabisa kumpigia mmoja wa Kikatiti, simu nikiwa nimeishika na jina lake liko kwenye kioo. Nilijiambia nitapiga baada ya dakika 15 kama bado nahitaji, nikaanza kupanga mifuko ya mbegu za mahindi, na dakika zilipokwisha nikaahirisha tena. Alinipigia mwenyewe siku mbili baadaye, akitaka punguzo.